Bia Ile Ile, Ladha Mbalimbali: Joto, Mwanga na Muda katika Chupa ya Mombasa

Mpenzi wa bia anayeishi Mombasa hachelewi kukutana na kitendawili hiki: chupa mbili za bia ya aina moja, zilizotoka kiwanda kimoja na zenye kibandiko kimoja, hufunguliwa juma moja, ya kwanza Mtwapa na ya pili Makupa, na ladha zake zikatofautiana kama ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali. Ya kwanza ni safi, uchungu wake unaingia na kutoka kwa adabu, na harufu yake inakumbusha nafaka iliyokaangwa. Ya pili imepooza, ina utamu usio na mwenyewe, na mwishoni inaacha kinywani kitu mfano wa karatasi iliyolowa maji. Mnywaji hutazama kibandiko, akakiona ni kile kile, kisha akatoa hukumu ambayo nimeisikia karibu katika kila baa niliyowahi kuketi: hii imechakachuliwa.

Uchakachuaji wa vileo upo, wala si jambo la kufanyia mzaha, lakini chupa ya bia iliyofungwa kizibo cha bati kiwandani si kitu rahisi kukichezea, na anayetaka kuchakachua hupata faida kubwa zaidi kwenye pombe kali. Mara nyingi hakuna aliyeitia mkono chupa ile. Kilichotokea ni kwamba bia, kinyume na jini au konyagi, ni kinywaji ambacho hakijamaliza kubadilika siku kinapofungwa. Joto huibadilisha, mwanga huibadilisha, na siku zinazopita huibadilisha. Na Mombasa ina joto na mwanga wa kugawia watu. Ladha ya bia huamuliwa kiwandani kwa sehemu tu. Sehemu iliyobaki huamuliwa barabarani, stoo, katika friji na ndani ya bilauri, na hiyo ndiyo sehemu iliyo karibu na mikono yetu, ingawa ndiyo tunayoizungumzia kwa uchache.

Ili kuelewa kinachoharibika, ni lazima kwanza kujua kilichomo. Bia hutengenezwa kwa vitu vinne: maji, nafaka, hopsi na hamira. Nafaka kuu ni shayiri, ambayo nchini Kenya hulimwa katika nyanda za juu zenye baridi kama Narok na Timau. Shayiri hulowekwa mpaka ichipue, kisha hukaushwa kwa joto kabla chipukizi halijakua, nayo ikawa kimea, neno ambalo wapika pombe wa asili wamelitumia tangu zamani kwa mtama na wimbi. Kuchipua huko huamsha vimeng'enya ndani ya punje, na kimea kinapochanganywa na maji yenye joto la nyuzi 65 hivi, vimeng'enya hivyo hugeuza wanga kuwa sukari. Maji hayo matamu huchujwa, huchemshwa pamoja na hopsi, hupozwa, kisha hutiwa hamira, ambayo hula sukari na kutoa kilevi pamoja na gesi ya kaboni dayoksaidi. Kwa maneno machache, ni jamaa wa karibu wa unga wa mahamri unaoumuka usiku kucha, isipokuwa katika mahamri tunaitaka gesi na kilevi tunakiachia moto wa karai.

Hopsi ndiyo inayohitaji maelezo zaidi, kwa sababu haioti kwetu na wengi hawajapata kuiona. Ni ua la mmea utambaao ambao hutaka siku ndefu za kiangazi ili uchanue vizuri, na kwa kuwa karibu na ikweta mchana na usiku hulingana mwaka mzima, viwanda vyetu huiagiza kutoka ng'ambo. Kazi yake ni mbili. Ya kwanza ni uchungu unaouzuia utamu wa kimea usichoshe ulimi. Ya pili ni ulinzi: asidi zilizomo katika ua hilo huzuia aina nyingi za bakteria, hasa wale wanaogeuza vinywaji kuwa vichachu. Anayetaka kuona maisha ya kinywaji kisicho na mlinzi wa namna hiyo autazame mnazi wetu wa Kilifi na Kwale. Mgema huteremka na tembo tamu asubuhi. Hamira za hewani zimekwisha kuingia kazini tangu utomvu ulipokuwa ukidondoka katika kibuyu. Jioni tembo limekuwa kali, na siku moja au mbili baadaye linaelekea kuwa siki. Tembo halijapata kudai kwamba ni bidhaa ya stoo. Hunywewa karibu na mti wake, kwa mrija, na siku ile ile, na pengine ndiyo sababu watu wa pwani wana methali ya mgema anayesifiwa akalitia tembo maji lakini hawana ya mgema aliyeliweka mwezi mzima.

Mabaharia wa Ulaya walilijua tatizo la joto kabla yetu, tena katika bahari hii hii. Bia za Waingereza zilizopelekwa Bara Hindi zilipita Rasi ya Tumaini Jema, zikakata ikweta mara mbili, na kukaa miezi kadhaa ndani ya matumbo ya meli yenye joto, kabla Mfereji wa Suez haujafunguliwa mwaka 1869. Waliona kwamba bia iliyotiwa hopsi kwa wingi iliwasili ikiwa na afya, na ndiyo asili ya jina la bia chungu za rangi ya dhahabu iliyoiva ambazo hata leo hubeba jina la India. Simulizi inayodai kwamba bia hiyo ilibuniwa na mtu mmoja kwa ajili ya safari hiyo imetiwa chumvi, kwani bia nyeusi nazo zilisafirishwa kwa wingi kwenye njia hiyo. Kilicho kweli ni kwamba hopsi nyingi zilikuwa bima ya safari ya nchi za joto. Mwaka 1801 kiwanda cha Guinness cha Dublin nacho kiliandika utaratibu wa bia nyeusi ya kupelekwa visiwa vya Karibi, ikiwa na hopsi nyingi zaidi kuliko ile iliyonywewa nyumbani, na stauti ya chupa iuzwayo katika nchi za joto ni kizazi cha utaratibu huo.

Bia nyingi tuzinywazo hapa, hata hivyo, si za ukoo huo. Ni laga, na laga ina hadithi nyingine. Mwaka 1842, katika mji wa Plzeň ambao leo umo katika Jamhuri ya Cheki, mpishi wa bia kutoka Bavaria aitwaye Josef Groll alitumia kimea kilichokaushwa taratibu na maji laini ya mji ule akapata bia ya rangi ya dhahabu iliyong'aa. Hamira ya laga hupenda baridi. Hufanya kazi katika nyuzi 7 hadi 13 hivi, polepole, na bia yake hulazwa katika baridi kwa majuma ili itulie. Neno lenyewe linatokana na Kijerumani, na maana yake ni kuhifadhi ghalani. Katika karne ya 19 kazi hiyo ilihitaji mapango na barafu ya mtoni, mpaka Carl von Linde alipotengeneza mitambo ya kupoza katika miaka ya 1870, na Emil Christian Hansen wa maabara ya Carlsberg huko Copenhagen akafaulu mwaka 1883 kuotesha hamira safi kutokana na chembe moja tu. Bila mambo hayo mawili, yaani baridi ya mtambo na hamira isiyochanganyika, hakuna ambaye angeweza kupika laga chini ya ikweta na kuirudia ladha ile ile mwezi baada ya mwezi.

Mwaka 1922 ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda cha bia Ruaraka, nje kidogo ya Nairobi. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu alipokuwa akiwinda, na bia iliyopata umaarufu kuliko zote nchini ikapewa jina la Tusker, yaani mwenye pembe, kwa kumbukumbu yake. Kwa msomaji wa pwani hapa pana mchezo mzuri wa lugha: wenzetu wa bara humwita mnyama huyo tembo, ilhali kwetu mnyama ni ndovu na tembo ni kinywaji kilichotoka juu ya mnazi. Mzee wa Rabai akiambiwa kwamba kwenye kibandiko pana picha ya tembo ana haki ya kuuliza limegemwa wapi.

Jambo la maana zaidi katika mwaka huo wa 1922 ni kwamba barabara ya bia iligeuka. Kabla yake bia ya chupa ilishuka melini Mombasa na kupanda reli kwenda bara, kwa hiyo mtu wa Mombasa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuifungua. Siku hizi bia yetu nyingi hupikwa juu, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600 ambako usiku hutaka sweta, kisha huteremka kilomita zipatazo 480 kupitia Voi na Mariakani hadi kwenye joto letu. Sisi tumekuwa mwisho wa njia, na mwisho wa njia ndipo kila kosa lililofanyika njiani huonekana.

Kosa la kwanza ni joto. Bia ya chupa hupitishwa kwenye maji ya moto, nyuzi 60 hivi kwa dakika kadhaa, ili vijidudu vilivyobaki vife, na kwa sababu hiyo haichachi kama tembo. Inachopata ni uzee. Hewa kidogo ya oksijeni iliyobaki shingoni mwa chupa, na ile inayopenya polepole pembeni mwa kizibo, huanza kuungana na vitu vilivyotoka katika kimea na hopsi. Harufu mbichi hupungua, uchungu unakuwa mkwaruzo, na utamu kama wa asali iliyochoka hujitokeza. Ile ladha ya karatasi iliyolowa hutokana hasa na kemikali iitwayo nonenali, ambayo ulimi wa binadamu huitambua hata ikiwa takriban sehemu moja katika bilioni kumi. Wanakemia wana kanuni ya kukadiria kwamba joto linapopanda kwa nyuzi 10, kasi ya mabadiliko ya aina hii huongezeka mara mbili au zaidi. Piga hesabu: kreti iliyokaa mwezi mmoja katika stoo ya mabati yenye nyuzi 30 inaweza kuzeeka kuliko ile iliyokaa miezi mitano katika nyuzi 5. Tarehe iliyochapwa kwenye chupa haijui habari hizo. Ilipigwa kiwandani, na ilidhani bia itatendewa vyema.

Kosa la pili ni mwanga, na hili hufanya kazi kwa kasi ya kutisha. Vitu vichungu vya hopsi vinapopigwa na mwanga, hasa ule wa jua, huvunjika kwa msaada wa vitamini iitwayo riboflavini iliyomo katika bia, na vipande vyake huungana na salfa kuunda kemikali yenye harufu ambayo Wazungu huifananisha na mnyama wao wa kunuka, nasi tukitaka kuwa wakweli tuifananishe na kicheche. Chembe chache katika trilioni zinatosha kuinusa. Chupa ya rangi ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani huzuia kidogo, na ile nyeupe haizuii kitu. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji wanaopenda chupa nyeupe hutumia hopsi iliyogeuzwa kikemia isivunjike kwa mwanga, na wasiofanya hivyo hutegemea kipande cha ndimu na mnywaji asiyeuliza maswali. Nakumbuka baa moja ya ufukweni iliyokuwa na mwenye nyumba mpenda urembo: alipanga chupa za kijani dirishani, safu juu ya safu, jua la saa tisa likipita ndani yake kama kioo cha kanisa. Ilikuwa picha nzuri. Tulipofungua ya kwanza, rafiki yangu aliinusa, akaiweka chini taratibu, akauliza kama karibu na hapo kuna bomba la maji machafu. Dakika chache za jua kali hutosha kwa chupa ya namna hiyo. Zile zilikuwa zimekaa pale tangu Idi.

Mkebe, ambao wanywaji wengi wa Mombasa bado wanaudharau kwa madai kwamba hutia bia ladha ya bati, unashinda kwa makosa yote haya. Mwanga hauingii hata kidogo, na mshono wake hupitisha oksijeni kwa uchache kuliko kizibo. Ndani umepakwa utando unaozuia bia isiguse chuma, kwa hiyo ladha ya bati anayoisikia mtu hutoka kwenye ukingo anaoutia mdomoni. Akimimina katika bilauri, ladha hiyo huondoka.

Tukifika kwenye meza, tunakutana na swali ambalo katika baa za Afrika Mashariki hutangulia salamu: baridi au moto? Mgeni hushangaa, kwa sababu hakuna aliyepika bia ile jikoni. Moto hapa ni ile ambayo haijaingia friji. Nimeshuhudia mabishano marefu kati ya watu wa pwani, ambao huiona bia moto kama adhabu, na jamaa zetu wa bara, ambao wengine hudai kwamba baridi huua ladha na kukwaruza koo. Ubishi huo hauishi kwa sababu pande mbili hazizungumzii kitu kimoja. Bia isiyopozwa usiku wa Limuru huenda ikawa na nyuzi 15, na hiyo haiko mbali sana na nyuzi 11 hadi 13 za vyumba vya chini ya ardhi ambamo Waingereza huhifadhi bia zao za jadi. Bia isiyopozwa Mombasa mwezi wa Februari, mchana unapofika nyuzi 32 na usiku usishuke sana chini ya 24, ni kitu kingine kabisa. Mtu aliyezoea moto wa Limuru akiagiza moto wa Tononoka ameagiza jina tu.

Sababu za kisayansi zinazipa pande zote mbili haki yao. Baridi kali hulegeza fahamu za ulimi na kuzuia harufu isipande, kwa hiyo kwenye nyuzi 1 au 2 bia yoyote, nzuri au mbovu, hukaribia kuwa maji machungu yenye gesi. Si ajabu kwamba bia isiyojiamini hutangazwa kwa picha za barafu. Kwa upande wa pili, gesi huyeyuka katika kinywaji baridi kuliko katika kilicho moto. Bia yenye nyuzi 30 inaweza kushika chini ya nusu ya gesi ambayo ingeshika kwenye nyuzi 5, na kwa hiyo inapofunguliwa hutoka povu kwa hasira, kisha hubaki bapa kabla mnywaji hajamaliza robo yake. Kwa laga ya kwetu mimi napendekeza nyuzi 5 hadi 7, yaani chupa iliyotolewa friji na kuachwa mezani dakika chache tu, kwa sababu Mombasa yenyewe itaipasha bila kuombwa. Kwa stauti, ambayo ina ladha nyingi za kuonyesha, nyuzi 10 hadi 12 zinafaa. Na anayeinywa ikiwa imetoka kwenye barafu anailipia nusu yake bure.

Juu ya upozaji kuna imani mbili za kusahihisha. Inasemwa kwamba bia iliyopozwa, ikapata moto, kisha ikapozwa tena, imeharibika. Kule kupanda na kushuka kwenyewe hakuna sumu; kinachohesabiwa ni jumla ya saa ilizokaa katika joto. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ambayo watu waliipa jina la mbunge aliyeitetea, Mututho, iliziruhusu baa kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na saa nane mchana mwishoni mwa juma. Na wapo wenye baa waliojifunza kuzima friji asubuhi ili kupunguza bili ya stima na kuziwasha alasiri. Chupa iliyokaa nyuma ya friji ya namna hiyo kwa juma zima imepata joto la mchana mara saba, na hiyo ndiyo hasara yake. Imani ya pili ni ya kuitia chupa kwenye sehemu ya kugandisha na kuisahau. Laga yenye kilevi cha asilimia 4 hivi huanza kuganda karibu nyuzi 2 chini ya sifuri, maji yanapoganda hutanuka, na kama chupa haikupasuka, bia hutoka na ukungu wa protini na povu lisilosimama. Njia ya haraka na salama waijuao wavuvi ni ndoo ya maji, barafu na chumvi kidogo: maji huichukua joto la chupa kwa kasi kubwa kuliko hewa ya friji, na robo saa hutosha.

Kisha bilauri. Hapa ndipo bia nyingi nzuri hufa zikiwa zimefika mlangoni. Povu si upungufu wa kipimo wala ujanja wa mhudumu wa kukupunja. Ni kifuniko cha harufu, na limejengwa kwa protini za shayiri zikishikamana na vitu vichungu vya hopsi. Adui yake mkubwa ni mafuta, na sisi ni watu wa viazi karai, mishkaki na samaki wa kupaka. Bilauri iliyosuguliwa kwa kitambaa kilichopangusia meza, au mdomo uliotoka kwenye kuku wa nazi, huliangusha povu mara moja. Ukitaka kujua kama bilauri ni safi, tazama pembeni mwake baada ya kumimina: viputo vilivyoganda kwenye kioo kama mayai ya chura vinaonyesha uchafu, lakini povu linaloacha duara baada ya duara kila unapopiga funda linaonyesha usafi. Suuza kwa maji baridi, inamisha bilauri, mimina taratibu hadi nusu, kisha isimamishe na umimine katikati ili povu lipande vidole viwili. Wanaokunywa kutoka chupani wana sababu zao, ikiwemo hofu ya kuwekewa kitu, na siwalaumu. Lakini harufu ni zaidi ya nusu ya ladha, na shingo ya chupa haina nafasi ya pua.

Huwezi kuzungumza na wanywaji wa Mombasa bila kuulizwa kuhusu bia nyeusi, ambayo wengi wanaamini ina nguvu kuliko ya dhahabu na wengine wanaamini huongeza damu. Rangi hutokana na ukaangaji wa shayiri tu. Muuza kahawa wa Mji wa Kale mwenye dele lake la shaba anaweza kukufafanulia jambo hilo bila kugusa kileo: buni iliyokaangwa sana ni nyeusi na chungu, lakini ukaangaji haukuiongezea uwezo wa kukukesha. Guinness ile laini ya pipa ina kilevi cha asilimia 4.2, sawa na Tusker ya kawaida yenye rangi ya majani makavu. Stauti ya chupa ina nguvu zaidi kwa sababu ilianza na sukari nyingi zaidi ya kimea, si kwa sababu ya weusi wake. Kwa hesabu, chupa ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina mililita 21 za kilevi halisi, na kiasi hicho ni kile kile iwe imenywewa baridi au moto, kwa mrija au kwa bilauri, ingawa kila meza huwa na mtu wa kuapa vinginevyo.

Kuhusu chakula nitasema machache, kwa kuwa migahawa ya Kiswahili inayopika vizuri kuliko yote haiuzi kileo, na mpenzi wa bia mwenye adabu haingii na chupa mahali ambapo haikualikwa. Kwenye baa zenyewe, gesi na uchungu wa laga huosha mafuta ya nyama choma na pweza wa kukaanga kwa namna ambayo soda haiwezi. Pilipili ni jambo tofauti: gesi huiamsha badala ya kuizima, na kilevi kidogo kilichomo hakitoshi kuiyeyusha. Anayeungua aombe maziwa.

Yanabaki yale anayoweza kuyafanya mnywaji asiye na kiwanda wala lori. Chagua baa inayouza sana bia uipendayo, hata kama viti vyake si vizuri, kwa sababu kreti inayomalizika kila siku haina nafasi ya kuzeeka. Bia ya kigeni yenye sifa kubwa iliyovuka bahari ndani ya kontena na kungoja bandarini katika joto la Machi mara nyingi hushindwa na bia ya kawaida iliyoteremka kutoka bara juma lililopita; nimefanya jaribio hilo kwa kuficha vibandiko mbele ya marafiki wanne, na watatu wakaichagua ile ya bei rahisi, wa nne akaacha kunisemesha. Epuka chupa iliyo mbele ya friji lenye mlango wa kioo na taa nyeupe, uombe iliyo nyuma. Soma tarehe. Nami huongeza swali moja kwa mhudumu kabla hajaniuliza baridi au moto: kreti hii iliingia lini? Mara nyingine huenda nyuma na kurudi na chupa yenye jasho, iliyoshushwa Jumanne. Mara nyingine hunitazama kutoka juu hadi chini na kuniambia kwamba nikitaka tarehe za kuzaliwa niende hospitali, nami huagiza mkebe.